Kidawa na Farasi Asiyeulizwa Jina

Paukwa!

— Pakawa!

Nimekuja na farasi.

— Mfunge hapo tumwone!

Hafungiki.

— Basi tusimulie akipita!

Hapo zamani, zamani sana, wakati wanyama na watu walipokuwa wakisalimiana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na nchi moja yenye nyika pana. Nchi hiyo ilikuwa na Sultani, na Sultani alikuwa na matarishi. Mnawajua matarishi? Ndio wale wapeleka habari. Tarishi alipanda farasi, akaenda mbio kijiji hadi kijiji akitangaza: Mvua kubwa inakuja, hameni bondeni! Nzige wanakuja, vuneni upesi! Harusi ya fulani ni Ijumaa, njooni mle!

Kila kijiji kilikuwa na tarishi wake, isipokuwa kimoja tu, kando ya mto, nyuma ya vilima. Kijiji hicho kiliitwa Mavumoni. Watu wa Mavumoni walipata habari zikiwa zimeshachacha. Harusi waliisikia wakati mtoto wa kwanza ameshaota meno. Habari za nzige waliambiwa wakati nzige wenyewe wamo shambani, wameshiba, wanapumzika. Na masika yaliyopita, mto ulipofurika, hakuna aliyewaambia kitu. Maji yalikuja alfajiri. Yakachukua mbuzi, yakachukua unga, yakachukua mlango wa nyumba ya Bi Mize, ukaenda zake unaelea kama una safari. Watu wakashinda juu ya mwamba mchana kutwa, wamelowa kama vifaranga.

Bi Mize alikuwa na binti, jina lake Kidawa. Siku ile, juu ya mwamba, Kidawa alimwambia mama yake, "Mama, mimi nitakuwa tarishi wa Mavumoni."

Bi Mize alikuwa akikamua maji kwenye kanga yake. Akasema, "Sawa, mwanangu. Lakini kwanza tushuke."

Wakashuka. Na Kidawa hakusahau.

Pale Mavumoni farasi alikuwa mmoja tu, wa Mjomba Mbaruku, kaka yake Bi Mize. Farasi huyo aliitwa Pamba. Alikuwa mweupe, mzee, mpole, meno yake ya kuhesabika. Kidawa alijifunzia juu ya Pamba. Alimpanda asubuhi, alimpanda jioni. Akigonga ulimi, ta ta ta, Pamba alikwenda. Akivuta hatamu, Pamba alisimama. Akimgusa kwa kisigino, Pamba aliguna kwanza, halafu akakimbia kidogo, ili asionekane mvivu.

Kidawa akajiambia, "Mimi sasa nawajua farasi."

Kumbe alimjua Pamba.

Basi ikatoka mbiu. Sultani anataka tarishi mmoja, mmoja tu, na atakayefaulu mtihani wa kupanda farasi ndiye. Kijiji chake kitapata habari sawa na vijiji vingine, na yeye atavishwa kilemba chekundu. Kidawa aliposikia, akaruka. Mama yake akampikia mihogo ya njiani. Mjomba Mbaruku akampiga Pamba brashi mpaka akang'aa. Wakafunga safari, Kidawa juu ya Pamba, wazee wakimfuata nyuma kwa miguu.

Langoni mwa uwanja alisimama Mbuni. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtihani, kwa kuwa shingo yake ilimwezesha kuona kila upande, na mwenyewe alikuwa hodari wa mbio, hadanganyiki kirahisi.

"Shikamoo, Bwana Mbuni," akasema Kidawa.

"Marahaba, binti. Farasi huyo mwache nje."

"Nimwache nje? Mimi nimekuja kufanya mtihani, Bwana."

"Ndiyo. Na mtihani haufanywi juu ya farasi wako. Tarishi farasi wake akichoka njiani, hupewa mwingine hapohapo, na habari haiwezi kumsubiri mpaka azoeane naye. Anayejua kupanda farasi wa nyumbani kwao tu, hatufai."

Moyo wa Kidawa ukaporomoka mpaka kwenye vikuku vya tandiko, vile vya kutilia miguu. Akashuka. Akamshika Pamba shingoni.

"Pamba, nitafanyaje?"

"Nenda, mwanangu," akasema Pamba. "Mimi ningekuombea dua, lakini hapa pana majani mazuri." Akainamisha kichwa, akaanza kula.

Kidawa akaingia uwanjani peke yake. Akawakuta wenzake wawili waliokuja kwa shughuli ileile. Wa kwanza alikuwa Nyani, kifua mbele, fimbo mkononi. Yeye alitaka utarishi ili akipita watu wamwamkie. Wa pili alikuwa Ngedere, yule mdogo mwenye maneno mengi, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu azaliwe, ama anakula, ama anasema. Yeye alitaka utarishi kwa sababu ilikuwa desturi ya nchi ile tarishi alishwe kila kijiji anapofika, kabla hajatoa habari.

Jamani, mko pamoja nami?

— Tuko!

Milango ya banda ikafunguliwa, farasi wa mtihani akatolewa. Lo! Alikuwa farasi jike, mrefu, mwenye rangi ya zafarani, shingo kama upinde. Alikuwa ameletwa kutoka nchi ya mbali, ng'ambo ya jangwa, na tangu afike alikuwa amewaangusha wapandaji wote waliojaribu. Watu wa banda wakamwita Mkorofi. Alikuwa na lijamu mdomoni, kile chuma cha kumzuilia, kimekazwa sana, na alipofika katikati ya uwanja akainua kichwa akaimba:

*Mgongo mnauona,*
*na mdomo hamuoni;*
*nani ataniuliza,*
*jina langu mimi nani?*

Lakini kwa sababu ya kile chuma, maneno yalitoka yamebanwabanwa: mng'o, mng'o, mng'ooo. Watu wakasema, "Msikieni Mkorofi anavyolia." Wakacheka.

Mbuni akatangaza. "Majaribio ni matatu. La kwanza, mtazunguka uwanja na kusimama mbele ya bendera. Si kabla ya bendera, si baada ya bendera. La pili, mtaruka ule mtaro wa maji. La tatu, mtapita mbele ya wapiga ngoma mkiwa na bakuli la maziwa mkononi, mlifikishe kwa Sultani bila kumwagika. Atakayeshindwa mara moja, nitamvumilia. Atakayeshindwa mara mbili, njia anaiona. Nyani, wewe kwanza. Kisha Kidawa. Ngedere mwisho."

Nyani akajitupa mgongoni mwa farasi bila salamu.

"Wewe!" akapaza sauti. "Mimi ndimi Nyani! Twende!"

Farasi akasimama tu. Nyani akainua fimbo, akampiga ubavuni, pah! Farasi akageuza shingo, akamtazama. Akapiga tena, pah! Basi farasi akakunja miguu ya mbele, akakunja miguu ya nyuma, akalala chini kama ng'ombe aliyeshiba. Nyani akabaki amesimama, miguu huku na huku, farasi katikati yake.

"Inuka!"

Farasi akafumba macho.

Mbuni akasubiri. Watu wakasubiri. Kuku akapita. Mwishowe Mbuni akasema, "Bwana Nyani, jaribio la kwanza umeshindwa. Utajaribu la pili?"

Nyani akautazama ule mtaro, akamtazama farasi aliyelala. "Haruki mtu aliyelala," akasema, akajifuta vumbi, akaenda kukaa pembeni. Fimbo akaificha nyuma yake.

Wakati huo Ngedere alikuwa amekaa karibu na Kidawa, anatafuna hindi la kuchoma. Siku iliyotangulia alikuwa amepanda juu ya paa la banda kuchungulia. Akamwona mchuuzi mmoja akipita nje anapiga mluzi, na farasi yule, aliposikia tu mluzi, akatimka akazunguka ua mbio kama moto. Ngedere akaona, akaweka moyoni. Kisha akasikia harufu ya mahindi, akashuka, hakuangalia zaidi.

Sasa akamsogelea Kidawa kwa sauti ya asali. "Dada yangu, nakuona unatetemeka. Mimi nina huruma, huo ndio ugonjwa wangu. Nikupe siri ya farasi huyu?"

"Nipe, kaka," akasema Kidawa.

"Ukitaka asimame, piga mluzi. Mluzi tu! Atasimama kama amepigwa msumari."

"Ahsante sana, kaka yangu. Mungu akulipe."

"Ah, si kitu," akasema Ngedere, akageuka upande kuficha meno.

Kidawa akaitwa. Akampanda yule farasi mrefu. Akagonga ulimi, ta ta ta, kama alivyozoea. Farasi akarudi nyuma. Akagonga tena. Farasi akarudi nyuma zaidi, mpaka mkia wake ukamfagia Mbuni usoni.

"Mbele ni upande wa pili, binti," akasema Mbuni.

Kidawa akaona haya. Akamgusa kwa kisigino. Farasi akatikisa ngozi kama anafukuza inzi. Kidawa akasogea mbele kidogo juu ya tandiko, na hapo, kwa bahati, farasi akaanza kwenda. Wakazunguka vizuri, mchakamchaka, tandiko linalia kwi kwi. Bi Mize pale ukingoni akapiga kigelegele. Bendera ikakaribia, nyekundu, inapepea. Kidawa akakumbuka siri ya Ngedere. Akakaza midomo, akapiga mluzi, fyuuu!

Jamani!

— Ehe!

Farasi alipasua upepo! Bendera ikapita kama imetupwa. Ushungi wa Kidawa ukaruka, ukatua kichwani kwa mpiga ngoma. Wauza mihogo wakakumbatia vikapu vyao. Kidawa alitaka kupiga ukelele, sauti ikakataa kutoka. Akajilaza shingoni, akafumba macho, akanyamaza kabisa kwa hofu.

Na alipotulia tu, farasi akapunguza mwendo. Akasimama. Walikuwa wamefika mwisho kabisa wa uwanja, wanatazamana na ukuta.

Huko nyuma watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Ngedere, amelala chali, miguu juu.

Mbuni akaja, mbio zake zilezile. "Binti, bendera iko kule."

"Naiona, Bwana Mbuni."

"Jaribio la kwanza umeshindwa. Limebaki kosa moja tu."

Kidawa akashuka. Akamwona mama yake kwa mbali, ameshika ncha ya kanga mdomoni, na Mjomba Mbaruku anatazama chini kana kwamba amepoteza sindano. Akaona, akilini mwake, na Mavumoni nzima imekaa juu ya mwamba, inasubiri. Machozi yakamjia. Lakini kabla hajalia akaona kitu: povu lenye wekundu kidogo pembeni mwa mdomo wa farasi. Chuma kilikuwa kinamchubua.

"Maskini," akasema Kidawa. "Hiki kimekaza mno." Akafungua vifungo, akalitoa lile lijamu. Kisha, kwa kuwa alikuwa amefundishwa adabu kwao, akaongeza, "Samahani, dada. Nimekupanda hata sijakuamkia. Hujambo? Jina lako nani?"

Farasi akatikisa mdomo, akaulambalamba, akasema kwa sauti safi kabisa, "Sijambo. Jina langu Zafarani."

Kidawa akaketi chini palepale.

"Kumbe unasema!"

"Nasema tangu nizaliwe. Kila siku naimba katikati ya uwanja huu, na wao wanasema nalia. Hebu wewe jaribu kuimba na chuma mdomoni."

"Na mbona hukumwambia mtu?"

"Nani? Wote huja na visigino. Hakuna aliyekuja na swali."

Kidawa akafuta macho. "Dada Zafarani, nimekukosea nini pale kwenye bendera? Nimekupigia mluzi ili usimame."

"Nisimame!" Zafarani akashangaa. "Kwetu, ng'ambo ya jangwa, wachungaji walipiga mluzi chui alipotokea. Mluzi maana yake kimbia, usigeuke nyuma! Na wakinyamaza, maana yake chui ameondoka, simama ule majani. Wewe ulinyamaza, nami nikasimama. Nani amekwambia mambo ya mluzi?"

Kidawa akatazama kule kwa Ngedere. Ngedere bado alikuwa amelala chali anacheka. Hapo akaelewa. Hasira zikampanda, zikafika kooni. Akazimeza, kwa sababu wakati haukuwepo.

"Sasa kuna mtaro," akasema. "Niambie nifanye nini."

"Usifanye. Ndio kazi yenyewe. Mtaro nauruka tangu mtoto. Lakini kila anayenipanda, nikiruka tu, ananivuta mdomo, nami naanguka naye. Niachie shingo yangu. Usivute."

Hilo lilikuwa gumu kwa Kidawa. Pamba alikuwa mzee, ukimwachia hatamu analala. Mikono ya Kidawa ilikuwa imezoea kuvuta. Akaifunga hatamu kwenye kamba ya shingoni, chuma akakitia mfukoni, akapanda.

"Binti," akaita Mbuni, "umesahau chuma."

"Sikusahau, Bwana."

Watu wakanong'ona, "Huyu leo atakufa." Bi Mize akageuza uso.

Zafarani akaenda, taratibu, kisha mchakamchaka, kisha mbio. Mtaro ukafunuka mbele, maji meusi yanameta. Mikono ya Kidawa ikataka kuvuta. Ikataka kweli! Akaitia ndani ya manyoya ya shingo, akaishikilia hapo kwa nguvu, akasema moyoni, "Shingo ni yake." Zafarani akaruka.

Kwa muda kidogo hapakuwa na sauti. Kisha kwato zikagonga upande wa pili, du-dum! Mguu mmoja wa Kidawa ukachomoka kwenye kikuku, akayumba, akashikilia tandiko, akarudi akakaa. Akanyamaza. Zafarani akasimama.

Vigelegele! Bi Mize akageuka, akauliza, "Amekufa?" Mjomba Mbaruku akajibu, "Amepita, dada yangu! Amepita!"

Likabaki jaribio la tatu. Kidawa akapewa bakuli, maziwa yamejaa mpaka ukingoni. Akainama sikioni mwa Zafarani. "Dada, kuna ngoma. Unaziogopa?"

"Kuziogopa? Nazipenda! Kwetu tulicheza kila sherehe. Nikisikia ngoma, miguu hainisikilizi."

"Lo. Leo usicheze, nakuomba. Nina maziwa."

"Siwezi kukuahidi."

Kidawa akafikiri. "Basi kama kucheza ni lazima, cheza polepole, nami nitacheza na wewe."

Wapiga ngoma wakaanza, tindi-tindi-tim, tindi-tindi-tim. Zafarani akatega masikio, na miguu ikaanza. Mguu mmoja hivi, mguu mwingine hivi, mabega yanapanda na kushuka. Kidawa hakumpinga. Akalegeza kiuno, akaenda naye, likipanda bega hili likishuka lile, na mkono wenye bakuli ukabaki umetulia angani kana kwamba umewekwa mezani. Maziwa yalifika ukingoni, yakachungulia chini, yakarudi ndani. Watu wakaacha kucheka wakaanza kupiga makofi kwa kufuata ngoma. Yule mpiga ngoma aliyeangukiwa na ushungi alikuwa bado ameuvaa, hana habari.

Wakafika mbele ya Sultani. Kidawa akanyamaza. Zafarani akasimama. Sultani akapokea bakuli, akalitazama, akanywa lote, akafuta masharubu.

"Mawili kati ya matatu," akasema Mbuni. "Sasa Ngedere. Akipita yote matatu, utarishi ni wake."

Ngedere akaja anarukaruka. "Rudisheni chuma!" akaamuru. Wakarudisha. Zafarani akaimba wimbo wake, mng'o, mng'o. Ngedere hakusikiliza, alipanda huku anasema mwenyewe.

Kidawa alikuwa amesimama kando, ameshika kichwa cha farasi. Hapo angeweza kunyamaza. Wangapi kati yetu tungenyamaza? Hata yeye alitaka. Lakini akamtazama yule mnyama mdogo juu ya mgongo ule mrefu, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka Ngedere, sikiliza. Akikimbia, ukitaka asimame, nyamaza kimya. Usipige mluzi, usiseme neno. Atasimama mwenyewe."

Ngedere akacheka, kikiki! Akainama akamnong'oneza, "Unaniona mtoto? Mimi nimekudanganya, na wewe sasa unalipiza! Ukiniambia ninyamaze, basi dawa yake ni kupiga kelele. Nenda kwa mama yako."

"Nimekwambia kweli, kaka."

"Kweli! Nani huwapa wenzake kweli?"

Akakaza miguu, akapiga mluzi, fyuuu!

Zafarani akaondoka. Lo, mwendo ule! Wakazunguka uwanja kama kishada kilichokatika uzi. Watu wakasimama kwa kustaajabu. Bendera ikafika. Ngedere akapiga kelele, "Simama!" Zafarani akaongeza mwendo. Bendera ikapita. "Simama, simama, nasema simama!" Mtaro ukaja, wakauruka, Ngedere akavuta chuma, Zafarani akatikisa kichwa, hatamu zikamponyoka. Wakapita katikati ya ngoma, tindi-tim-PAA! Wapiga ngoma wakatawanyika.

"Nyamaza!" Kidawa akamwita kwa mikono miwili mdomoni. "Kaka, nyamaza tu!"

"Ng'oo!" akajibu Ngedere kwa mbali. "Hunipati!" Akapiga mluzi mwingine, wa nguvu kuliko wa kwanza.

Wakatoka nje ya lango. Wakampita Pamba, akainua kichwa, akasema, "Kuna habari gani?", akarudi kula. Wakashuka mteremko, Ngedere akilia, akiomba, akitukana, akiita watu kwa majina. Huko chini palikuwa na dimbwi la matope, na ndani yake ngiri wamekaa wanapoa. Zafarani akafika ukingoni akakata kona. Ngedere hakukata. Akapaa, bado anasema, akaingia dimbwini kichwa kwanza, mdomo wazi.

Tope likamjaa mdomoni, likajaa mashavuni. Ngedere akanyamaza.

Na aliponyamaza, Zafarani akasimama.

Ngiri mmoja akafungua jicho, akasema, "Bwana, hata hodi?"

Kidawa alikuwa wa kwanza kufika. Akamvuta Ngedere kwa mkia, akamkalisha juu ya nyasi, akamfuta macho kwa ncha ya nguo yake. Mbuni naye akafika, na nyuma yake watu wote, wanahema. Zafarani akasogea, Kidawa akamtoa chuma, na Zafarani akaeleza kila kitu alichomsikia Ngedere akinong'ona. Mbuni akamgeukia Ngedere.

"Ni kweli?"

Ngedere akatema tope, akatema tena, akajibu, "Lakini aliniambia ninyamaze! Nilijuaje kama ni kweli?"

"Ungejua kama wewe mwenyewe ungekuwa na desturi ya kuisema," akasema Mbuni.

Wakarudi uwanjani. Sultani akamvisha Kidawa kilemba chekundu, kikamziba jicho moja kwa ukubwa, na Bi Mize akamrekebishia mbele za watu wote, Kidawa akiona haya. Lijamu la Zafarani likatundikwa ukutani, halikushuka tena. Tangu siku hiyo, ikawa sheria katika banda la Sultani kwamba anayepanda farasi aanze kwa kumwuliza jina. Wa kwanza kuitii alikuwa Nyani. Alikuja kichwa chini, fimbo ameitupa, akasema, "Shikamoo, Bi Zafarani. Naomba samahani kwa ubavu wako." Zafarani akamtazama, akafikiri, akamwambia, "Panda, lakini kifua kirudishe nyuma kidogo, kinanizibia upepo."

Na Ngedere? Ngedere alikimbilia msituni. Mpaka leo akisikia kwato barabarani hupanda juu ya mti, akapiga kelele kutoka hukohuko juu. Watu husema anatukana. Mimi nadhani anajaribu kusimamisha farasi.

Enyi mnaonisikiliza, mafunzo ya ngano hii ni haya. Ukikabidhiwa usiyemjua, usimtendee kama yule uliyemzoea. Mwulize, atakuambia mwenyewe namna ya kwenda naye. Na mwenye tabia ya kuwadanganya watu hujinyima kitu kikubwa, maana siku anapoambiwa ukweli wa kumwokoa, hawezi kuuamini.

Ngano yangu imekwisha. Aliyekuwa macho ampelekee aliyelala, na aliyelala asiseme hakuambiwa.

— Tumesikia, tutafikisha!